Ngoma Yako ni Ipi? Kujifunza Kupiga na Kucheza Ngoma kwa Afya katika Mwambao wa Ziwa Victoria

Mgonjwa mwenye shinikizo la juu la damu anapofika kliniki katika Kanda ya Ziwa, huulizwa maswali yaliyozoeleka: anatumia chumvi kiasi gani, anavuta sigara, anakunywa pombe, anameza dawa zake kila siku? Mwishoni huagizwa afanye mazoezi. Agizo hilo ni sahihi, lakini mara nyingi halina mwili. Mama mwenye umri wa miaka 60 anayeishi Magu au Sengerema hana ukumbi wa mazoezi, haoni fahari kukimbia barabarani asubuhi, na kutembea bila pa kwenda humwonekea kuwa kupoteza muda. Anaitikia kwa heshima, anachukua dawa zake na kurudi nyumbani. Mwezi unaofuata agizo hurudiwa kama lilivyokuwa.

Makala haya yanapendekeza swali moja la nyongeza: ngoma yako ni ipi? Katika mwambao huu ni nadra kumpata mtu mzima ambaye hajawahi kupiga, kucheza au kuitikia ngoma fulani. Wapo pia vijana na wageni wanaotaka kujifunza upya, si ngoma za Kisukuma na Kikerewe pekee, bali hata msondo wa pwani, jembe ya Afrika Magharibi na konga ya Kuba. Kwa mhudumu wa afya, mapenzi hayo ni hazina. Lakini kupiga ngozi kwa viganja, kucheza pekupeku na kutengeneza ngoma kuna hatari zake ambazo mwalimu wa ngoma hazijui zote, na ambazo daktari asiyeuliza hatazigundua.

Mahali pa kujifunzia

Kiasi cha kilomita 20 kutoka katikati ya jiji la Mwanza, katika barabara iendayo Musoma, kuna Bujora, yenye Makumbusho ya Wasukuma. Msingi wa kazi hiyo uliwekwa katika miaka ya 1950 na Padri David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, pamoja na wazee na wachezaji wa Kisukuma. Katika makumbusho hayo zimehifadhiwa ngoma za watemi, mavazi na vifaa vya vyama vya wachezaji. Kila mwaka, mnamo Juni, sikukuu ya Bulabo, inayofungamana na Sikukuu ya Ekaristi, huwakusanya wachezaji kutoka pande nyingi za Usukuma kwa mashindano.

Mashindano hayo yana mizizi mirefu. Vyama viwili vikuu, Bagika na Bagalu, hujinasibisha na wapinzani wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliojulikana kwa uchezaji na pia kwa uganga. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja na uwanja wake, na mshindi hupimwa kwa wingi wa watazamaji aliowavuta. Kwa hiyo tangu mwanzo uwanja wa ngoma ulikuwa jirani wa tiba. Mtaalamu wa anthropolojia John Janzen, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu ngoma na uponyaji, alionyesha kwamba katika jamii nyingi za Kibantu, kuanzia Kinshasa na Dar es Salaam hadi kusini mwa Afrika, neno hilohilo ngoma hutaja chombo, uchezaji na mikusanyiko ya kuwatuliza wanaoteseka.

Mwanafunzi anayeanza hapa hana uhaba wa mitindo. Kuna bugobogobo, ngoma ya wakulima wachezao na majembe, wakiyarusha na kuyadaka kwa mdundo ambao zamani uliharakisha kazi shambani. Kuna ngoma za Bagoyangi, chama cha wacheza na nyoka. Kuna pia wigaashe, ambayo huchezwa watu wakiwa wameketi katika safu, wakiimba na kuyumbisha kiwiliwili, mabega na mikono. Mtindo huu wa mwisho tutaurudia, kwa sababu una faida maalumu kwa wagonjwa.

Anayetaka kwenda mbali zaidi anaweza kufika Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, hufundisha ngoma za makabila mengi ya Tanzania. Huko atakutana na msondo, ngoma ndefu na nyembamba ipigwayo kwa viganja, ambayo ilivuka bahari na kufika Oman pamoja na watu wa Afrika Mashariki na bado inaitwa hivyo hivyo. Akijifunza jembe ya Guinea na Mali, ataambiwa kwamba sauti kuu ni tatu: ya chini, inayotoka katikati ya ngozi kwa kiganja kizima, ya wazi, inayotoka ukingoni kwa vidole vilivyofungamana, na kofi, lenye ukali. Ngoma hiyo ilitambulishwa duniani kwa kiasi kikubwa na kundi la Les Ballets Africains la Fodéba Keïta wa Guinea tangu miaka ya 1950. Akigeukia tabla ya India, atajifunza kwamba vidole peke yake vyaweza kutoa sauti nyingi kuliko mkono mzima.

Kipimo kilicho ndani ya wimbo

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya nguvu ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au ya nguvu kubwa kwa dakika 75 hadi 150. Wazee huongezewa mazoezi ya kuimarisha mizani ya mwili walau siku 3 kwa wiki, ili kupunguza kuanguka. Uchezaji wa ngoma unatimiza mambo haya kwa pamoja: unaharakisha moyo, unaimarisha misuli ya mapaja na kiuno, na kugeuka na kuinama kwa mdundo huufundisha mwili kutoyumba.

Tatizo ni namna ya kujua kiwango. Wengi hawana saa ya kuhesabu mapigo ya moyo, na anayetumia dawa kama atenolo hawezi kuyategemea mapigo hayo, kwa sababu dawa yenyewe huyazuia kupanda. Kipimo rahisi kinachotumiwa na wataalamu wa mazoezi ni cha mazungumzo: katika kazi ya wastani mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, katika kazi nzito hawezi kutamka zaidi ya maneno machache bila kupumua.

Mcheza ngoma amebeba kipimo hicho kinywani. Manju anaanzisha, wachezaji wanaitikia. Ukiitikia kiitikio chote kwa sauti iliyonyooka, mwili wako bado uko katika kazi nyepesi. Ukiona unalazimika kukata maneno ili uvute pumzi, ingawa unaweza kumjibu jirani yako kwa sentensi kamili, umefika kwenye kiwango cha wastani, nacho ndicho tunachokitaka kwa mgonjwa wa shinikizo la damu au kisukari. Ukishindwa kuitikia kabisa, umevuka. Anayeanza apunguze hatua na apige makofi mpaka sauti irudi.

Hapa ndipo mashindano yanapohitaji tahadhari. Kwa kuwa ushindi hupimwa kwa watazamaji, mchezaji huvutwa kupita uwezo wake. Mtu aliyekaa miezi kumi bila kucheza asiingie uwanjani siku ya Bulabo akidhani mwili unakumbuka kila kitu. Mpango ufuatao unafaa kwa wengi: siku 5 kwa wiki, kuanzia dakika 10 kwa siku katika wiki ya kwanza, na kuongeza dakika 5 kila wiki. Ifikapo wiki ya tano atakuwa anacheza dakika 30 kwa siku, yaani dakika 150 kwa wiki.

Wanaopaswa kuonana na mhudumu kwanza

Yeyote ambaye shinikizo lake la damu akiwa amepumzika ni 180 kwa 110 au zaidi aahirishe mazoezi mpaka litulizwe. Vivyo hivyo kwa anayepata maumivu ya kifua, kupumua kwa shida akiwa amelala, au kuzimia wakati wa kazi. Kijana mwenye ugonjwa wa moyo uliotokana na homa ya baridi yabisi apate ushauri wa daktari wake kuhusu kiwango kinachomfaa. Mjamzito mwenye afya njema anaweza kucheza kwa wastani, akiacha kuruka na kurushwa, na akiacha mara moja akiona damu, maji au maumivu ya tumbo.

Kanda ya Ziwa ina watu wengi wenye selimundu. Wao hawapaswi kufungiwa nje ya uwanja, kwa sababu mazoezi mepesi huwafaa. Hatari zao ni kuishiwa maji mwilini, kuchoka kupita kiasi na baridi ya ghafla. Wanywe maji kabla, katikati na baada ya kucheza; wapumzike kila baada ya dakika chache; na wasijitupe ziwani mwili ukiwa bado una jasho.

Kwa mwenye kisukari, mambo mawili hayana budi kuangaliwa. La kwanza ni sukari kushuka. Anayetumia insulini au vidonge vya aina ya glibenklamidi anaweza kupata kijasho chembamba, mtetemo na kuchanganyikiwa wakati wa kucheza, au saa kadhaa baadaye, hata usiku akiwa amelala. Awe na sukari au kinywaji kitamu karibu, na wenzake wajue la kufanya. La pili ni miguu. Ngoma nyingi huchezwa pekupeku, na desturi hiyo ni nzuri kwa aliye na miguu yenye hisia kamili. Lakini kisukari cha muda mrefu huua hisia za nyayo. Mwiba, kigae au changarawe ya moto vinaweza kumjeruhi mchezaji asijue mpaka siku ya tatu, kidonda kikiwa tayari kimeoza. Tumeona viungo vikikatwa kwa majeraha yaliyoanza kwa udogo kama huo. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari acheze akiwa amevaa viatu vilivyofungwa na soksi, na kila baada ya ngoma aketi, akague nyayo na katikati ya vidole, akitumia kioo au jicho la mjukuu. Akiambiwa kwamba viatu vinaharibu ngoma, ajibu kwamba mguu ukikatwa hautarudi uwanjani.

Mkojo mwekundu wa mpiga ngoma

Mtu akipiga ngoma kwa viganja kwa saa nyingi, chembe nyekundu za damu zinazopita katika mishipa midogo ya viganja huweza kupondwa na kupasuka. Himoglobini inayomwagika humiminika katika damu, huchujwa na figo, na mkojo huwa mwekundu au wa rangi ya kahawa. Jambo hili lilielezwa kwanza mwaka 1881 na tabibu Mjerumani, Fleischer, aliyeliona kwa askari baada ya mwendo mrefu, nyayo zikiwa ndizo zilizopigwa. Mwaka 1974 jarida la tiba la Marekani lilichapisha taarifa za hali hiyo kwa wapiga konga. Mara nyingi hupita yenyewe kwa mapumziko na maji ya kutosha.

Mahali pengine duniani habari ingeishia hapo. Mwambao wa Ziwa Victoria ni tofauti, kwa sababu mkojo mwekundu hapa huwaelekeza wengi kwenye kichocho, na wako sahihi kukishuku. Lakini kuna aina mbili. Kichocho cha kibofu, kinachotia damu kwenye mkojo, huambukizwa zaidi katika mabwawa, malambo na majaruba ya mpunga ya bara la Usukuma. Kichocho cha matumbo, kilichoenea kando ya ziwa lenyewe, huleta damu katika choo, huvimbisha ini na bandama, na katika hali mbaya humfanya mgonjwa atapike damu. Mvuvi wa kisiwani aliyepiga ngoma usiku kucha na kupata mkojo mwekundu huenda akapewa prazikuanteli, mkojo ukasafika baada ya siku mbili kwa sababu ya mapumziko, na wote wakaamini kuwa dawa ndiyo iliyomponya. Kinyume chake ni kibaya zaidi: mpiga ngoma mwenye kichocho cha kibofu akasema ni viganja tu, akakaa miaka na ugonjwa unaoharibu figo na unaoweza kuleta saratani ya kibofu.

Njia ya kutofautisha iko ndani ya uwezo wa kituo cha afya. Kijiti cha kupimia mkojo kitaonyesha damu katika hali zote mbili, kwa hiyo hakitoshi. Mkojo huo huo utazamwe kwa hadubini. Zikionekana chembe nyekundu nzima, damu inatoka katika njia ya mkojo, na mayai ya kichocho yatafutwe katika mkojo uliotolewa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati yanapotoka kwa wingi. Kijiti kikionyesha damu lakini hadubini isione chembe, fikiria himoglobini iliyomwagika au protini ya misuli iliyochanika. Mgonjwa wa pili huwa na maumivu makali na uvimbe wa misuli, naye anahitaji kupimwa figo haraka. Usisahau malaria kali na selimundu, ambazo pia hutia mkojo giza. Na ukishakamilisha haya yote, uliza: kabla ya mkojo kubadilika, ulipiga ngoma kwa muda gani?

Kinga ni mbinu njema. Mwalimu mzuri humfundisha mwanafunzi kuliacha pigo liruke, mkono ukiinuka mara tu unapogusa ngozi, badala ya kuisukuma ngoma kwa nguvu. Pete na bangili zivuliwe. Anayeanza asizidishe dakika 20 kwa mkupuo, na anayeona malengelenge au uvimbe apumzike mpaka vipone.

Lipo pia suala la kuoga. Baada ya ngoma, vumbi na jasho huwavuta vijana ziwani, mara nyingi mchana, wakati vijidudu vya kichocho vinapotoka kwa wingi ndani ya konokono. Kikundi cha ngoma kijiwekee maji ya kuogea yaliyochotwa na kukaa katika pipa siku 2 bila konokono, au yaliyochemshwa. Tena, watu wazima wa vikundi hivi wasidhani prazikuanteli ni ya watoto wa shule tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unapendekeza kinga hiyo kwa wote walio katika maeneo yenye maambukizi mengi, kuanzia umri wa miaka 2.

Ngozi inatoka wapi?

Wanaojifunza ngoma mara nyingi hutaka pia kujifunza kuzitengeneza, na hapo ndipo kuna hatari isiyofahamika sana: kimeta. Bakteria wa ugonjwa huo hujifungia katika spora zinazoweza kuishi miongo mingi udongoni na katika ngozi kavu. Kuanika juani na kutia chumvi hakuziui.

Mwaka 2006 mtengenezaji ngoma wa New York, aliyetumia ngozi zilizoletwa kutoka Afrika Magharibi, aliugua kimeta cha mapafu, akapona. Mwaka huo huo mtu mmoja alifariki Scotland, na mwaka 2008 mtengenezaji ngoma mmoja alifariki London. Mwaka 2009 mwanamke wa jimbo la New Hampshire aliugua kimeta cha tumbo baada ya kuhudhuria mkusanyiko wa wapiga ngoma, naye akapona. Matukio haya ni machache mno ukilinganisha na mamilioni ya watu wanaopiga ngoma, na hatari kwa mpigaji wa kawaida ni ndogo. Aliye hatarini zaidi ni anayekwangua manyoya na kuivuta ngozi mbichi, akivuta pumzi ya vumbi lake.

Tanzania kimeta si hadithi ya mbali. Milipuko hutokea kwa wanyama na watu katika mikoa ya kaskazini, ikiwemo Arusha na Kilimanjaro. Fundi wa ngoma anunue ngozi ya mnyama aliyechinjwa machinjioni na kukaguliwa na mtaalamu wa mifugo. Ngozi ya mnyama aliyekufa mwenyewe isitumike kamwe, hata ikiwa nzuri na ya bure. Kazi ya kukwangua ifanyike nje, ngozi ikiwa imelowanishwa, fundi akiwa na glavu na barakoa, na vidonda vya mikono vikiwa vimefungwa. Mhudumu akimwona mtu mwenye kidonda kisichouma, chenye gamba jeusi katikati na uvimbe mkubwa pembeni, amuulize kuhusu nyama na ngozi alizozishika, aanze antibayotiki mapema, na atoe taarifa kwa idara za afya na mifugo. Kimeta cha ngozi kikitibiwa mapema hupona.

Masikio na nyoka

Kelele isiyodhuru kwa saa 8 ni ile isiyozidi desibeli 85. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama hupungua kwa nusu: kwa desibeli 100 ni robo saa tu. Ngoma kadhaa zikipigwa pamoja karibu na sikio huweza kufika hapo. Pamba haitoshi, vizibo vya sponji vya masikio hupunguza zaidi. Anayesikia mlio masikioni baada ya ngoma amekwisha kuonywa.

Kuhusu Bagoyangi, ujuzi wao wa nyoka unastahili heshima, lakini mwanafunzi asiurithi kwa kutazama tu. Shirika la Afya Duniani lilitambua kuumwa na nyoka kuwa tatizo la kitropiki lililosahauliwa mwaka 2017. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, asichanjwe wala kufungwa kamba kwa nguvu, na apelekwe hospitali bila kusubiri matokeo ya dawa ya kienyeji.

Ngoma kama tiba ya viungo

Tangu miaka ya 1990 watafiti, akiwemo Michael Thaut katika Chuo Kikuu cha Colorado State, Marekani, walionyesha kwamba mdundo thabiti humsaidia mgonjwa wa kiharusi au wa Parkinson kutembea kwa hatua ndefu na zilizo sawa. Ubongo hutumia sauti kupanga mwendo. Katika St. Louis, watafiti walipata nafuu ya mizani kwa wagonjwa wa Parkinson waliocheza tango. Utafiti wa New York uliochapishwa mwaka 2003, uliowafuatilia wazee 469, uliona kwamba waliokuwa na desturi ya kucheza dansi walipata ugonjwa wa kusahau kwa uchache zaidi. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba dansi ndiyo iliyowakinga, kwa maana huenda wenye afya njema ndio waliobaki wakicheza. Lakini hautoi sababu yoyote ya kumkataza mzee.

Mtaalamu wa tiba ya viungo anaweza kuanza hivi. Ahesabu hatua za mgonjwa kwa dakika moja katika mwendo wake wa kawaida. Zikiwa 60, ngoma ipigwe kwa mapigo 60, mgonjwa akitembea huku mtu akiwa upande wake dhaifu. Akizoea, mdundo uongezwe kwa asilimia 5 hadi 10, yaani mapigo 63 hadi 66. Hakuna mashine inayohitajika, na ndugu anayemsindikiza mgonjwa anaweza kufundishwa kupiga ili kazi iendelee nyumbani.

Kwa asiyeweza kusimama, wigaashe ni somo lililokwisha tayarishwa. Wagonjwa wakikaa katika safu, kwenye mabenchi au viti vya magurudumu, mkono wenye nguvu ukiushika ulio dhaifu na kuuinua kwa mdundo, wanafanya mazoezi ya mabega na kiwiliwili bila kuhisi kwamba wanafanyishwa. Aliyepoteza maneno kwa kiharusi pengine ataweza kuyaimba, kwa sababu wimbo na usemi havitumii njia zilezile zote za ubongo. Aliyejifungia ndani kwa aibu ya mdomo uliopinda ataketi kati ya wenzake waliopata kama yeye. Wajane na wazee wenye sonona nao wanufaike na safu hiyo, pamoja na matibabu mengine wanayohitaji.

Kutoka uwanjani hadi kliniki

Kwa vikundi vya ngoma, tunashauri kila kimoja kiwe na mtu aliyefunzwa huduma ya kwanza, maji safi ya kunywa, sukari, na orodha ya wenye selimundu, kisukari na kifafa. Mazoezi yafanyike mahali wazi penye hewa, kwa kuwa kifua kikuu hupenda vyumba vilivyofungwa. Filimbi isipokezanwe midomoni.

Kwa wahudumu, tunashauri wasingoje watu waje. Umati unaovutwa na Bagika na Bagalu ni watu wazima ambao wengi wao hawajapimwa shinikizo la damu hata mara moja. Eneo la Kisesa, jirani ya Bujora, linajua utafiti wa afya: tangu mwaka 1994 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu imekuwa ikifuatilia maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa wakazi wake. Hema moja pembeni ya uwanja, lenye mashine ya shinikizo la damu, kipimo cha sukari na upimaji wa hiari wa virusi vya UKIMWI, litawafikia wengi kuliko tangazo ukutani, hasa likikubaliwa na manju na kutangazwa naye.

Na katika kadi ya mgonjwa, chini ya mstari wa mazoezi, iandikwe ngoma anayoijua, siku anazocheza, na kama anavaa viatu. Atakaporudi mwezi unaofuata, mhudumu atakuwa na jambo mahususi la kumuuliza, na mgonjwa atakuwa na jibu lake mwenyewe.